Kabla ya kununua mashine ya boti, pima ubao wa tezi

"Nina boti ndogo ya mbao ya kuvulia, urefu wake mita 4.2. Tumbo limeviringana na nyuma imekatwa bapa. Miaka yote nimekuwa nikipiga makasia, sasa mabega yamechoka. Nimepata mashine ya petroli iliyokwisha kutumika, hosipawa 15, ile ya kuchanganya oili, shafti ndefu. Muuzaji anasema shafti ndefu ni bora kwa sababu panga, ile propela ya kusukuma boti, linakaa chini kwenye maji matulivu, na kwamba skrubu mbili za kubania zinatosha. Amenishauri pia niongeze oili kuliko ilivyoandikwa ili mashine idumu. Nimepima ubao wa nyuma, kimo chake ni sentimita 41. Navua peke yangu au na kijana wangu, tukiwa na wavu na sanduku la barafu. Ninachoogopa ni boti kuzama nyuma au kupasuka. Je, niinunue? Na nikishafunga mashine, bado nibebe makasia?"

Ndugu yangu, hofu yako ina msingi, na nafurahi umeuliza kabla ya kutoa pesa. Nianze na jibu lenyewe: mashine hiyo usiinunue kwa boti hiyo. Sisemi ni mbovu. Huenda ni nzima kabisa. Ila ni nzito kwa boti yako, ina nguvu ambayo tumbo la boti yako haliwezi kuitumia, na shafti yake haiendani na kimo ulichopima. Kipimo chako cha sentimita 41 ndicho kitu cha maana zaidi katika barua yako yote, kuliko hosipawa, kwa hiyo nianzie hapo.

Mashine za boti hutengenezwa kwa shafti, yaani mguu unaoshuka majini, za urefu tofauti ili kufuata kimo cha ubao wa tezi, yaani ule ubao wa nyuma unaobeba mashine. Shafti fupi ni ya ubao wa inchi 15, kama sentimita 38. Ndefu ni ya inchi 20, kama sentimita 51. Ipo pia ya inchi 25 kwa boti za ubavu mrefu. Kimo hupimwa katikati ya ubao, kutoka ukingo wa juu ambapo mashine itakaa, wima moja kwa moja hadi chini ya tumbo la boti, bila kuhesabu mkuku, ule mti wa katikati ya tumbo unaojitokeza chini. Kama ulipima kwa kuufuata ubao ulivyolala, au ulihesabu na mkuku, pima tena.

Sasa tazama mguu wa mashine yoyote. Juu kidogo ya panga kuna bapa la chuma lililolala kama ulimi. Kazi yake ni kuzuia panga lisivute hewa kutoka juu ya maji. Boti ikiwa mwendoni, bapa hilo linatakiwa liwe sawa na chini ya tumbo la boti, au chini yake kwa sentimita mbili tatu. Likiwa juu mno, panga hula hewa: mashine inalia kwa nguvu, boti haiendi, na ukigeuza ghafla hali inazidi. Likiwa chini mno, unaburuta mguu mnene wa chuma ndani ya maji bila faida, maji yanarushwa juu ya ubao yanaingia botini, na kwenye maji haba panga ndilo la kwanza kugonga mwamba.

Kwa hiyo maneno ya muuzaji kwamba shafti ndefu ni bora si kweli. Shafti bora ni ile inayolingana na ubao wako. Mashine hiyo kwenye ubao wa sentimita 41 itazama zaidi ya inavyotakiwa kwa sentimita 10 au zaidi. Nasema "au zaidi" kwa sababu vile vipimo vya inchi 15 na 20 ni majina tu ya makundi. Mashine nyingi za shafti fupi, ukizipima mwenyewe kutoka pale zinapokalia ubao hadi kwenye bapa, hutoa sentimita 42 hadi 44, na ndizo zitakazokufaa. Nenda na futi kamba yako dukani, usitegemee jina.

Wapo watakaokuambia uinue ubao kwa kupachika kipande cha mti mgumu juu yake. Linawezekana, na kuna mafundi wanaolifanya vizuri. Ila elewa kinachotokea. Panga linasukuma mbele likiwa chini kabisa. Mguu wa mashine unaegemea ubao kwa chini, halafu ile sehemu ya juu yenye skrubu inauvuta ukingo wa ubao kwenda nyuma, kama mtu anayeng'oa msumari kwa mtaimbo. Kadiri mguu ulivyo mrefu ndivyo mtaimbo ulivyo mrefu. Ukiweka kipande kipya juu, nguvu yote hiyo inaangukia kwenye kiungo kati ya mti mpya na wa zamani. Kwa mashine ndogo na kiungo kilichofungwa kwa bolti, sawa. Kwa hosipawa 15 kwenye boti iliyoundwa kwa makasia, mimi singekubali.

Hapo ndipo hofu yako ya boti kupasuka inapopata jibu. Boti ya makasia haijawahi kuvutwa hivyo tangu izaliwe. Ubao wake wa nyuma ulikuwa unazuia maji tu. Sasa unataka uwe bawaba ya kubeba uzito, msukumo na mtikisiko. Kabla ya kuwaza mashine ya aina yoyote, piga magoti ndani ya boti, chukua mpini wa bisibisi na ugonge ubao ule kuanzia juu kushuka chini, kila baada ya upana wa vidole viwili. Mti mzima unajibu kwa mlio mkali na mfupi. Mti uliooza ndani unatoa mlio mzito, uliokufa, kama unagonga gunia. Sikiliza hasa pembe za chini, pale ubao unapokutana na mkuku na ubavu, kwa sababu maji ya ngama, yale yanayokusanyika sakafuni mwa boti, hulala hapo. Ukiitilia shaka sehemu, toboa kitundu cha milimita tatu kutoka ndani na utazame unga unaotoka. Ukiwa mkavu na wa rangi ya mti, ziba tundu kwa epoksi, ile gundi ngumu ya kuchanganya, uendelee. Ukitoka mweusi, umelowa, unashikamana kama ugoro, simama hapo. Boti hiyo inahitaji fundi wa kuunda boti kwanza, mashine baadaye.

Hata ubao ukiwa mzima, angalia umeshikwa na nini. Lazima kuwe na vipande vya pembe, imara, vinavyounganisha ubao na mkuku kwa chini na ubao na mbavu kwa pande zote mbili. Vikikosekana, msukumo wote unabebwa na misumari ya ukingoni, na misumari hiyo italegea polepole mpaka siku moja uone maji yanaingia kwa mstari mwembamba nyuma yako. Kuviongeza si kazi kubwa kwa fundi anayejua mbao.

Tuje kwenye nguvu. Najua inavyovutia: hosipawa 15 kwa bei ya 5, nani asiyetaka? Lakini boti yenye tumbo la mviringo kama yako haiendeshwi na nguvu peke yake. Ikisogea inatengeneza wimbi mbele na wimbi nyuma. Ukiongeza mwendo, umbali kati ya mawimbi hayo unarefuka. Unafika mwendo ambao wimbi moja lina urefu sawa na boti: omo, yaani mbele ya boti, iko kileleni, na tezi, yaani nyuma, iko kileleni. Ukiongeza tena, kilele cha nyuma kinakimbilia nje ya boti, tezi inadidimia kwenye bonde na omo inanyanyuka. Kuanzia hapo unalazimisha boti ipande mlima wa maji inaoutengeneza yenyewe.

Mwendo huo unaweza kuukadiria mwenyewe. Chukua urefu wa boti unaogusa maji, kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.5, unapata kilomita kwa saa. Boti yako ya mita 4.2 huenda inagusa maji kwa mita 4. Kipeuo cha 4 ni 2, mara 4.5 ni 9. Basi kilomita 9 kwa saa ndio mwendo wake wa asili, na kuufikia ukiwa na mzigo wa kawaida kunahitaji hosipawa 3 hivi. Zilizobaki 12 zitageuka kuwa mawimbi, moshi na petroli iliyopotea. Boti za chini bapa na tezi pana ni habari nyingine: hizo zinaweza kunyanyuka na kuteleza juu ya maji, na huko hosipawa 15 zina kazi. Tumbo la mviringo halinyanyuki, linadidimia nyuma. Kwa hiyo hofu yako ya kwanza pia ni ya kweli.

Kuna jambo la zamani ambalo hunisaidia kuwaeleza watu. Mashine ambayo Ole Evinrude alianza kuiuza kule Milwaukee, Marekani, mwaka 1909, na ambayo ndiyo iliyofanya mashine za boti zienee, ilikuwa na hosipawa 1.5 tu. Watu waliokuwa wakipiga makasia waliinunua wakaridhika, kwa sababu boti ya makasia haidai nguvu nyingi kuliko hizo.

Ungeniuliza mimi, ningekuchagulia hosipawa 4 hadi 6, shafti fupi. Ninaongeza juu ya zile 3 kwa ajili ya siku ya upepo wa mbele na mkondo, si kwa ajili ya mbio. Ya mipigo minne, yenye oili yake tumboni, ina uzito wa kilo 25 hadi 28, inakula mafuta kidogo na haikuchoshi masikio, ila usiilaze upande usiofaa. Upande sahihi huandikwa kwenye kitabu chake. Ya mipigo miwili, ile ya kuchanganya oili na petroli, ya nguvu hiyohiyo ni nyepesi kwa kilo kadhaa na fundi yeyote anaifungua, lakini inakula petroli na oili zaidi. Kwa anayevua kila siku ningesema mipigo minne. Kwa anayetoka mara moja kwa wiki na kuibeba mashine begani hadi nyumbani, mipigo miwili iliyo nzima si uamuzi mbaya hata kidogo.

Usitegemee maneno yangu tu, jaribu uzito kabla ya kununua. Siku ya maji matulivu, ukiwa karibu na ufuko, ning'iniza madumu mawili ya lita 20 yaliyojaa maji kwenye ubao wa nyuma. Hiyo ni kilo 40, sawa na mashine uliyotaka. Weka dumu jingine la lita 20 miguuni mwako badala ya tangi la mafuta. Kisha kaa wewe mwenyewe pale nyuma ambapo dereva hukaa, kijana wako awe mahali pake, wavu na sanduku viwe mahali pake. Mtu mwingine aliye majini apime kwa mkono kutoka uso wa maji hadi ukingo wa ubao. Ikibaki chini ya shubiri moja, umepata jibu. Punguza maji kwenye yale madumu mawili ya nyuma mpaka yafikie uzito wa mashine unayoifikiria, utazame tofauti. Watu wengi wakiona kwa macho yao jinsi kilo 15 za nyuma kabisa zinavyoshusha boti, hawarudi tena kwenye habari ya hosipawa.

Kusawazisha uzito ni rahisi kuliko wanavyodhani. Tangi la mafuta na sanduku la barafu visogeze mbele ya katikati, mpira wa mafuta ufuate ubavu usikanyagwe. Unaweza pia kurefusha kana, ule mkono wa kuongozea mashine, kwa kiungo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, ili ukae karibu na katikati ya boti badala ya kuganda nyuma.

Kuhusu skrubu mbili za kubania: zinatosha kushika mashine, hazitoshi kuaminiwa. Mtikisiko huzilegeza. Bandika kipande cha mti mgumu au bamba la alumini ndani na nje ya ubao ili miguu ya skrubu isichimbe mbao. Kaza kwa nguvu ya mkono, bila nyundo wala bomba la kuongezea, maana utapasua bano lenyewe. Endesha kwa robo saa, zima, kaza tena. Mara nyingi utaona zinakubali nusu mzunguko. Kama bano la mashine lina matundu ya bolti, yatumie, na matundu utakayotoboa kwenye ubao yapake epoksi kwa ndani kabla ya kupitisha bolti, la sivyo umeufungulia mlango uozo. Mwisho, funga mnyororo au kamba nene kutoka kwenye mashine hadi kwenye pete iliyopigiwa bolti kwenye mbavu za boti. Isifungwe kwenye ubao uleule, maana ubao ukivunjika vyote vinaondoka pamoja.

Mashine ikishakaa, tazama inavyoinama. Kuna pini inayopita kwenye matundu ya bano na kuamua pembe ya mguu. Anza na tundu ambalo mguu unakuwa wima ndani ya maji boti ikiwa mwendoni. Omo ikinyanyuka sana, sogeza pini ili mguu usogee karibu na boti. Omo ikichimba maji, fanya kinyume. Mkuku wako pia ukifika hadi nyuma kabisa, maji yanayopita pembeni mwake yatalifikia panga yakiwa na mapovu. Fundi achonge mwisho wa mkuku uwe mwembamba, utasikia tofauti siku hiyohiyo.

Ushauri wa kuzidisha oili umewaharibia wengi mashine, ingawa wanaoutoa wana nia njema. Mashine nyingi za mipigo miwili za miaka ya karibuni zinataka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, yaani mililita 20 kwa kila lita. Za zamani zaidi zinataka mara mbili ya hapo. Uwiano wa mashine yako umeandikwa kwenye kitabu au kwenye kifuniko, ufuate huo. Ukizidisha oili, masizi yanajaa, plagi inalowa, na kwa kuwa kila lita sasa ina petroli pungufu, hewa inaizidi petroli kwenye silinda na mashine inachemka zaidi. Kinyume kabisa cha ulichokusudia. Tumia oili yenye alama ya TC-W3, iliyotengenezwa kwa mashine zinazopozwa kwa maji. Ya pikipiki iache kwenye pikipiki.

Petroli ijaze tangi likiwa nje ya boti, mchangani. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unashuka na kulala kwenye ngama bila kuonekana, ukisubiri cheche. Fungua tundu la hewa la kifuniko kabla ya kuwasha. Mashine nyingi "zilizokufa" baharini zilikuwa zimefungiwa hewa tu. Gawa mafuta mara tatu: theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, theluthi isiyoguswa.

Pale mashine inapowaka, macho yako yaende kwenye uzi wa maji unaotoka pembeni. Huo ndio ushahidi kwamba pampu inapoza. Usipouona ndani ya sekunde chache, zima. Kamwe usiiwashe ikiwa nje ya maji "kujaribu tu", kwa sababu ile impela ya mpira iliyo kwenye pampu inaungua upesi ikikosa maji. Ukirudi kutoka maji ya chumvi, iwashe kwenye pipa la maji baridi kwa dakika kumi hivi.

Naomba hapa unisikilize kama ndugu, kwa sababu umesema mara nyingine unavua peke yako. Mashine hizi zina kamba nyekundu ya kuzimia. Ivae mkononi au kwenye jaketi la kuokolea maisha, kila safari, hata ya dakika tano. Ukianguka bila kamba hiyo, boti haiendi zake. Kana ikiachwa, mashine inageuka upande mmoja na boti inaanza kuzunguka kwa duara, ikirudi pale ulipo na panga likiwa linazunguka. Marekani, tangu tarehe 1 Aprili 2021, sheria inawataka waendeshaji wa boti za chini ya futi 26 zenye mashine za hosipawa 3 na zaidi watumie kamba hiyo, isipokuwa kwa mwendo wa polepole. Mimi nakuomba uivae hata kwa mwendo wa polepole.

Mtafute fundi ana kwa ana katika mambo haya: ubao ukitoa mlio uliokufa au unga uliolowa, boti ikivuja hata kidogo nyuma baada ya safari ya kwanza, na kabla ya kulipia mashine yoyote iliyotumika. Kwa hiyo ya mwisho, fundi apime mgandamizo wa silinda, zikiwa mbili zisipishane kwa zaidi ya asilimia 10, na afungue oili ya giaboksi. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia kwenye sili, na bei lazima ibadilike au mtu aondoke. Ulizia pia mamlaka ya vyombo vya majini unakovua, kwani sehemu nyingi boti ikifungwa mashine inahitaji kusajiliwa hata kama ya makasia haikuhitaji.

Makasia yabebe, yote mawili, na vishikizo vyake. Mashine ndogo nyingi zina pini laini kwenye panga inayokatika makusudi panga likigonga kitu, ili giaboksi isivunjike. Beba pini mbili za akiba, koleo na plagi moja ndani ya mfuko usiopitisha maji. Lakini kubadilisha pini ukiwa umeinama juu ya tezi, mawimbi yakikusukuma kuelekea kwenye miamba, haifai hata kujaribu: kwanza kijana wako ashike makasia aisogeze boti kwenye maji ya wazi, nanga ishuke, ndipo uguse panga.